Kabla ya kulaumu betri, punguza mwendo

Anayetaka kununua gari la umeme hapa Tanga huanza na swali hili: chaji ikijaa, linakwenda kilomita ngapi? Swali ni la haki, ila jibu lake halimo ndani ya gari peke yake. Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40 za umeme, ilipotoka mwaka 2017, vipimo vya Japani viliipa kilomita 400. Marekani gari hilo hilo likaandikiwa maili 151, yaani kilomita 243. Betri ni moja, kilichotofautiana ni namna lilivyoendeshwa kwenye vipimo. Ikiwa wapimaji wenyewe wameachana kwa kilomita 150 na ushei, dereva naye ana nafasi kubwa ya kuongeza au kupoteza.

Na kinachopoteza kuliko vyote ni mwendo. Tazama tunavyoendesha kutoka Pongwe kwenda Muheza na kuendelea hadi Segera. Kibao cha 50 kikiisha tu, mguu unazama. Muda si mrefu tuta hilo, breki. Tunakanyaga tena, mbele askari kasimama na tochi, breki nyingine. Hewa inayolipinga gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukitoka 80 ukaenda 100 upinzani wake unapanda kwa zaidi ya nusu. Na unachopata ni nini? Tanga hadi Segera ni kilomita 70 na kitu. Hata ungepewa barabara tupu, ungeokoa kama dakika 10. Kwenye gari la petroli hasara hiyo inajificha ndani ya tangi, na vituo vya mafuta viko kila mji. Kwenye umeme unaiona palepale asilimia zikishuka, na soketi ya kuchajia huioni njiani.

Wapo wanaosema breki za gari la umeme zinarudisha chaji, hivyo haina shida. Ni kweli mota hugeuka jenereta ukiachia pedeli, lakini hairudishi yote uliyotumia. Umeme ukitoka betrini kuna unaopotea, ukirudi kuna unaopotea tena. Afadhali kutokukimbia kuliko kukimbia ili urudishiwe. Ukiliona tuta kwa mbali, achia pedeli mapema, weka gia ya B kama ni Leaf, ile inayolipunguza gari zaidi ukiachia, acha gari lijipunguze lenyewe. Ukizoea, unafika kwenye tuta bila kugusa breki kabisa.

Kuhusu kiyoyozi, sikubaliani na wanaokizima Januari wakaloa jasho kwa ajili ya kubana chaji. Kiyoyozi hula kwa saa, hakili kwa kilomita. Kikitumia kilowati 1 kwa saa nzima, kwenye Leaf hizo ni kama kilomita 6 au 7. Ukipunguza mwendo kidogo tu barabara kuu, umeshazifidia. Kinapouma ni kwenye mizunguko ya mjini, umeegesha Ngamiani unamsubiri mtu na gari linaunguruma baridi bure. Hapo tafuta kivuli cha mwembe, shusha vioo. Kivuli kinaisaidia na betri pia, maana Leaf hiyo ya kilowati-saa 40 haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto letu la pwani linaichosha. Upepo wa matairi nao upimwe mara kwa mara. Tairi laini linakula chaji kimyakimya.

Mlima ndio unaowatisha wengi, hasa wenye ndugu Lushoto. Hesabu yake haina uchawi: gari la tani moja na nusu likipanda mita 1,000 linahitaji kama kilowati-saa 4 kwa ajili ya kupanda tu, mbali na matumizi ya kawaida ya barabara. Kwa hiyo usifike Mombo, mlima unapoanzia, na chaji ya kubahatisha. Namba ya kilomita inayoonyeshwa kwenye dashibodi usiiamini hapo, kwani inakisia kutokana na ulivyoendesha tambarare, soma asilimia. Wakati wa kurudi, usiondoke Lushoto na betri iliyojaa pomoni, kwa sababu haitakuwa na nafasi ya kupokea umeme wa mteremko na kazi yote itaangukia breki za kawaida, kwenye kona zile. Ondoka na asilimia 80 hivi, usiweke gia huru hata kidogo, na huenda ukafika Mombo na chaji ile ile uliyoondoka nayo.