Ushindi wa Hukum na viboko tisa: nani hulipa gharama ya mbio za farasi Ulaya?

Tarehe 29 Julai 2023, katika uwanja wa Ascot nchini Uingereza, farasi wa miaka sita aitwaye Hukum alimshinda Westover kwa urefu wa kichwa tu katika mbio za King George VI and Queen Elizabeth Stakes, ambazo mwaka huo zilikuwa na zawadi za jumla ya pauni milioni 1.25. Jina lake ni lile neno la Kiarabu lililotupatia sisi "hukumu", na hukumu ndiyo iliyofuata siku chache baadaye. Kamati iliyopitia picha za mbio ilihesabu viboko alivyopigwa, ikakuta tisa ilhali kanuni inaruhusu sita, ikamfungia mpanda farasi wake, Jim Crowley, kwa siku 20 na kumtoza faini ya pauni 10,000. Kiboko cha kumi kingemvua Hukum ushindi. Kwa kuwa hakikupigwa, ushindi ulibaki palepale pamoja na fedha zake na, lililo zito kuliko fedha za siku moja, thamani ya farasi huyo kama dume la kuzalisha.

Kisa hiki sikileti ili kumsuta mpanda farasi, ambaye aliadhibiwa kwa mujibu wa kanuni na akaitumikia adhabu yake. Nakileta kwa sababu kinaonyesha waziwazi jambo ambalo mijadala mingi kuhusu mbio hizi hulipita pembeni, nalo ni kwamba faida huenda upande mmoja na gharama hulipwa upande mwingine. Mwenye farasi alipata kikombe, mpanda farasi akapata adhabu, na farasi akapata viboko. Mgawanyo huohuo wa faida na gharama unaonekana pia katika uzalishaji wa farasi hawa, na katika maisha yao baada ya kuacha mbio.

Kanuni za mjeledi zenyewe zimebadilika mara nyingi. Mwaka 2011 mamlaka ya mbio ya Uingereza iliweka kikomo cha viboko saba katika mbio za uwanja tambarare na vinane katika mbio za kuruka vizuizi. Mwaka 2022, baada ya mapitio marefu, ilipendekezwa kwamba mjeledi wa kumhimiza farasi upigwe kwa mkono uliogeuzwa kinyume (backhand) pekee, namna ambayo hupunguza nguvu ya pigo. Wapanda farasi walipinga, wakieleza kwamba wenzao waliowahi kuumia mabega wangeshindwa kuifuata, na mwanzoni mwa 2023 yakafikiwa maafikiano: sharti hilo la namna ya kupiga likaondolewa, lakini idadi ikashushwa hadi sita na saba, na farasi aliyezidishiwa viboko vinne au zaidi akawa anaondolewa katika matokeo. Ufaransa mwaka huohuo ilishusha kikomo chake hadi vinne. Norwei ilikuwa imepiga marufuku mjeledi wa kuhimiza tangu 1982, na Uswidi ikafuata njia hiyo mwaka 2022.

Wanaoutetea mjeledi hawastahili kudharauliwa, maana hoja zao zinatoka kwa watu wanaoishi na farasi tangu alfajiri hadi usiku. Wanasema kwamba mjeledi wa leo umefunikwa sponji na hewa, na haulingani na ule wa zamani. Kwamba farasi mwenye uzito wa kilo 500 akianza kuyumba kuelekea kwa mwenzake, mjeledi ni mojawapo ya vitu vichache vinavyoweza kumrudisha kwenye mstari kabla watu na wanyama hawajaanguka. Na kwamba kanuni za mbio zinamtaka kila mpanda farasi amwendeshe mnyama wake ili apate nafasi bora anayoiweza, jambo ambalo wacheza kamari, ambao fedha zao huendesha sehemu kubwa ya mchezo huu, wanataka walione kwa macho.

Hoja ya usalama naikubali bila kusita, ila inahusu kuongoza, haihusu kuhimiza, na Norwei imeonyesha kwamba mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa. Hoja ya sponji ni dhaifu zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walilinganisha ngozi ya matako ya farasi na ya binadamu, wakaona kwamba katika tabaka la juu hapakuwa na tofauti ya maana katika unene wala katika wingi wa mishipa ya fahamu inayopokea maumivu. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulilinganisha mbio 126 za Uingereza, baadhi zikiwa zile ambazo wapandaji hawaruhusiwi kuhimiza kwa mjeledi na nyingine za kawaida, na haukuona tofauti ya maana katika muda wa kumaliza wala katika usalama wa uendeshaji. Haki inanitaka niseme kwamba mbio zile zisizo na mjeledi ni za wapandaji wanafunzi na za farasi wa daraja la chini, kwa hiyo hazithibitishi kwamba hatua mia mbili za mwisho pale Ascot zingekwenda vilevile. Lakini hata tukiacha nafasi hiyo ya shaka, mzigo wa kuthibitisha umeshahama: anayetaka kumchapa mnyama aliyekwisha kuchoka ndiye anayepaswa sasa kuonyesha manufaa yake.

Ninapoipima kanuni ya Uingereza, kasoro naiona katika ile nafasi ya viboko vitatu iliyo kati ya kosa na kupoteza ushindi. Wanaopinga wazo la kumwondoa farasi katika matokeo kwa kiboko cha saba wanasema kwamba mwenye farasi, mkufunzi na watunzaji wa zizi hawakukosea, na kwamba haifai jasho la mwaka mzima lipotee kwa sababu mtu mmoja alihesabu vibaya katika sekunde chache za kelele na vumbi. Ni kweli, na ni jambo la kusikitisha. Hata hivyo, farasi akibeba uzito pungufu kwa kosa la mpandaji huondolewa katika matokeo, na hakuna anayeliona hilo kuwa uonevu, kwa sababu wote wanakubali kwamba faida isiyo halali haiwezi kubaki mikononi mwa aliyeipata. Katika mbio za daraja la kwanza, ambako siku 20 za kufungiwa ni bei ambayo mwenye mali anaweza kuiona ndogo, kiboko cha saba kingetosha kubatilisha ushindi. Naamini kwamba ndani ya msimu mmoja wapandaji wangejifunza kuhesabu.

Hata hivyo mjeledi hutazamwa na watu wengi kwa sababu unaonekana. Usioonekana ni ule ukurasa wa nasaba. Mwezi Mei 2023, miezi miwili hivi kabla ya Ascot, Hukum alirudi uwanjani Sandown baada ya karibu mwaka mzima wa kupona kutokana na jeraha la mguu lililohitaji upasuaji, akamshinda Desert Crown, bingwa wa Derby ya Epsom ya mwaka 2022. Majira ya joto yaleyale Desert Crown alivunjika kifundo cha mguu akiwa mazoezini, akatibiwa kwa wiki kadhaa, na mwezi Septemba ikalazimu auawe ili asiendelee kuteseka. Sasa watazame farasi hawa watatu kwa nasaba. Baba yake Hukum ni Sea The Stars. Baba yake Westover ni Frankel, na baba yake Desert Crown ni Nathaniel, na hao wawili wote ni wana wa Galileo. Galileo na Sea The Stars walizaliwa na mama mmoja, Urban Sea, aliyeshinda Prix de l'Arc de Triomphe, mbio kubwa za Ufaransa, mwaka 1993. Mbio mbili kubwa za msimu mmoja ziliamuliwa na wajukuu na vitukuu vya jike mmoja.

Kwa upande mmoja, hayo ni mafanikio ya ufugaji yanayostahili heshima. Frankel alikimbia mara 14 na kushinda mara 14, na watoto wake wamethibitisha kwamba kipaji hicho kinarithika, ndiyo maana mwaka 2024 kumpandisha jike mmoja kwake kuligharimu pauni 350,000. Mfugaji anayelipa kiasi hicho ananunua matumaini yenye msingi. Hata hivyo si hakika, na soko lina kumbukumbu ya Snaafi Dancer, mwana wa Northern Dancer aliyenunuliwa kwa dola milioni 10.2 mwaka 1983 akiwa na mwaka mmoja, akapelekwa kufundishwa Uingereza, akaonekana hana mbio hata ya kuthubutu kumpeleka uwanjani, na alipotumwa kuzalisha akaonekana karibu ni tasa.

Kwa upande mwingine, mlango wa damu unazidi kuwa mwembamba. Utafiti wa kijenetiki uliochapishwa na wanasayansi wa Dublin mwaka 2020, uliochunguza zaidi ya farasi 10,000 wa Thoroughbred, aina inayotumika katika mbio hizi, kutoka nchi mbalimbali, ulikuta kwamba ndoa za ndani ya ukoo zimeongezeka katika nusu karne iliyopita, na kwamba asilimia 97 ya nasaba zilizochunguzwa zina Northern Dancer, farasi wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1961. Utafiti wa timu hiyohiyo uliofuata ulionyesha kwamba kadiri farasi anavyokuwa na damu ya karibu zaidi, ndivyo uwezekano wake wa kufika uwanjani hata mara moja unavyopungua. Jambo hili haliishii Ulaya. Uwanja wa Ngong pale Nairobi huendesha mbio za farasi wa aina hiihii, na kwa kuwa kitabu cha nasaba cha aina hii hakiruhusu damu kutoka nje, kinachopotea Newmarket, kitovu cha mbio nchini Uingereza, au Ireland hakiwezi kurudishwa na Nairobi wala Dubai.

Je, idadi ya majike kwa kila dume iwekewe kikomo? Marekani ilijaribu: mwaka 2020 ilipitishwa kanuni ya majike 140 kwa mwaka kwa madume yaliyozaliwa kuanzia mwaka huo, mashamba makubwa yakaenda mahakamani, na mwaka 2022 kanuni ikafutwa. Ulaya haina kikomo. Wapinzani wa kikomo wana hoja moja ambayo naiona nzito: dume anayepanda majike wengi anaweza kuwa na ada nafuu, na mfugaji mdogo mwenye majike wawili ndiye atakayefungiwa mlango wa kwanza nafasi zikipungua. Ada ikipanda, nasaba bora itabaki kwa matajiri. Pamoja na uzito wake, hoja hiyo inapima maslahi ya wafugaji wa leo peke yao. Mwanafarasi ambaye atazaliwa dhaifu miaka ishirini ijayo hana mwakilishi kwenye meza hiyo, na mfugaji mdogo wa wakati huo hatanufaika na ada nafuu ya farasi asiyeweza kukimbia. Kikomo ningekiunga mkono, kikiwa kimepangwa kwa kushuka polepole na si kwa pigo moja.

Kuna lawama nyingine ambayo siikubali moja kwa moja, nayo ni kwamba kumkimbiza farasi akiwa na miaka miwili ni kumvunja mifupa. Mfupa mchanga huimarika kwa kazi ya kiasi, na farasi wanaoanza mazoezi mapema mara nyingi hudumu uwanjani vizuri kuliko wanaochelewa. Kinachodhuru ni haraka ya kumtayarisha kwa ajili ya mnada na kwa mbio kubwa za farasi wachanga, na hiyo ni kazi ya soko, haina uhusiano na umri wenyewe.

Kuhusu vifo uwanjani, mamlaka ya Uingereza imefanya kazi ambayo haki inadai isemwe. Mwaka 2023 farasi Hill Sixteen alikufa kwenye kizuizi cha kwanza cha Grand National, mbio mashuhuri za kuruka vizuizi, baada ya mbio kucheleweshwa na waandamanaji. Mwaka uliofuata idadi ya washiriki ilishushwa kutoka 40 hadi 34 na kizuizi hicho kikasogezwa karibu na mstari wa kuanzia ili farasi wasikifikie kwa kasi kubwa. Palipobaki pagumu ni baada ya mbio. Tangu 2022 farasi anayeshiriki mbio za Uingereza lazima awe ameandikishwa kwamba hataingia katika chakula cha binadamu, na shirika la Retraining of Racehorses limekuwa likiwafundisha wastaafu kazi nyingine tangu mwaka 2000. Lakini farasi huvuka mipaka, huuzwa mara tatu au nne, na kila mkono unaompokea una wajibu mdogo kuliko uliomtoa. Kwa nini sehemu ya zile pauni 350,000 isiwekwe akiba kwa jina la mwanafarasi tangu siku anapotungwa mimba, imfuate popote atakapouzwa? Wafugaji watasema tayari wanachangia. Ndiyo, wanachangia, ila mchango huo haumfuati mnyama aliyeuzwa nje ya nchi.

Hukum alikwenda Japani kuzalisha. Katika katalogi za mnada, jina la farasi aliyeshinda mbio za daraja la juu huchapwa kwa herufi nzito nyeusi, na herufi hizo humfuata mama, dada na watoto wake, zikiongeza bei kila ukurasa unapofunguliwa. Viboko tisa na siku 20 havichapwi popote. Ikiwa mamlaka za Ulaya zinaona ni ukatili mno kumnyang'anya mwenye farasi kikombe kwa kosa la mpandaji, basi zikubaliane na wachapaji wa katalogi kwamba ushindi uliopatikana kwa kuzidisha mjeledi uchapwe kwa herufi za kawaida, kama ule wa mbio ndogo za siku ya Jumatatu, na tuone ni wenye farasi wangapi watakaokuwa tayari kuufumbia macho mjeledi uliozidi.