Kistari cha Kifaransa si mpaka wa silabi

Wanaojifunza Kifaransa huambiwa mara nyingi kwamba neno ambatani hukatwa penye kistari, basi. Kanuni hiyo inawaharibia masikio, na sisi Waswahili inatunasa upesi zaidi. Maneno yetu huishia kwa irabu. Mwana na siasa vikiungana tunapata mwa-na-si-a-sa, na pale maneno yanapokutana ndipo silabi zinapoachana. Tunaingia darasani tukidhani kila lugha iko hivyo.

Tazama arc-en-ciel, upinde wa mvua. Jicho linaona vipande arc, en, ciel. Sikio linapata ar-kan-siel, ile «an» ikitokea puani: konsonanti ya mwisho ya arc imeshahamia silabi inayofuata. Katika pot-au-feu, mchemsho wa nyama na mboga, mambo yanazidi. Pot likiwa peke yake t haitamkwi, lakini humu inatamkwa na kufungua silabi mpya: po-to-feu.

Ninalolipenda kuliko yote ni bonhomme, yaani jamaa. Bon ina irabu ya puani. Ikiungana na homme upuani unatoweka, n inavuka: bo-nomme. Sasa liweke katika wingi, bonshommes. Upuani umerudi, na s ya wingi, iliyojibanza katikati ya neno, inatamkwa z: bon-zomme. Hili halifundishwi kwa ubao peke yake; mwalimu alitamke, darasa lirudie vitabu vikiwa vimefungwa.

Kukata neno mwisho wa mstari ni suala jingine. Hapo kistari ni mahali halali: arc-en- juu, ciel chini. Kwa bonhomme, lisilo na kistari, wapo wanaofuata asili, bon-homme, na wanaofuata sauti, bo-nhomme. Kwenye maandishi mimi niko upande wa asili, maana msomaji analitambua neno haraka.

Marekebisho ya tahajia yaliyochapishwa katika Journal officiel, gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa, tarehe 6 Desemba 1990 yaliruhusu porte-monnaie, kipochi cha fedha, kuandikwa portemonnaie. Kistari kiliondoka, matamshi hayakutikisika hata kidogo. Mjini Paris wengi hulitamka kwa silabi tatu, e ya porte ikimezwa; kusini, kwa lafudhi ya Marseille, e hiyo husikika na silabi zinakuwa nne. Kwa hiyo mwanafunzi anayehesabu nne kwenye mtihani wa matamshi asikatwe maksi.