Malimwengu mengi: nani amevuka kutoka ng'ambo?

Anga ikitakata, milima ya Kongo huonekana wazi kutoka Kigoma. Kiangazi, ukungu na moshi vikitanda juu ya ziwa, haionekani hata kidogo, na bado hakuna anayesema ng'ambo ni patupu, kwa sababu maboti yanatoka huko na watu na mizigo. Dai kwamba kuna malimwengu mengine, nje ya huu wetu wenye nyota na galaksi zote tunazoziona, lipimwe vivyo hivyo: kitu gani kimetoka huko kikatufikia? Hadi leo, hakuna. Anayefundisha kwamba sayansi imelithibitisha dai hilo anawapotosha vijana wetu.

Pa kutafuta panajulikana. Mwaka 1981 mwanafizikia Alan Guth alichapisha nadharia ya mfumuko: ulimwengu mchanga ulitanuka ghafla, kwa kasi isiyo na mfano. Wanafizikia wenzake Alexander Vilenkin na Andrei Linde wakaonyesha kwamba mfumuko huo unaweza usikome pote kwa pamoja. Panapokoma hutokea kitu mfano wa povu, na kila povu ni ulimwengu kivyake. Povu la jirani likigusana na letu, lingeacha alama ya duara katika mionzi ya mikrowevu iliyoenea angani kote, mabaki ya ule mwanzo wa joto kali. Mionzi hiyo ina joto la kelvini 2.725, yaani karibu nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri, na tofauti zake kati ya sehemu na sehemu ni kama moja katika 100,000 tu.

Kuitafuta alama hiyo ni kazi ya uangalifu. Kwanza unafunika eneo la Njia Nyeupe, maana vumbi na gesi ya galaksi yetu hung'aa katika mawimbi yaleyale. Kisha unapitisha kichujio cha hesabu chenye umbo la duara, kidogo hadi kikubwa, kila upande wa anga. Ukipata doa, unatengeneza kwa kompyuta anga nyingi za bandia zisizo na mgongano wowote, uone bahati pekee huzaa madoa mangapi ya namna hiyo.

Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Tazama dagaa walioanikwa Kibirizi, Kigoma: kati ya maelfu hukosi mmoja aliyejikunja kama herufi, na hakuna aliyemwandika. Mwaka 2011 Stephen Feeney, Hiranya Peiris na wenzao walipekua data ya WMAP, setilaiti iliyopima mionzi hiyo, wakapata madoa manne yanayofanana na alama za mgongano. Walipokamilisha hesabu, data haikudai mapovu. Ni kazi safi, na naiheshimu kuliko vichwa vyote vya habari.

Hoja ya mwanafizikia Steven Weinberg ya mwaka 1987 ina uzito zaidi. Alisema kama nishati ya ombwe, yaani nishati iliyomo hata mahali patupu, hutofautiana kati ya ulimwengu na ulimwengu, yetu haiwezi kuzidi kiasi ambacho galaksi zingeshindwa kujikusanya. Mwaka 1998 ikagundulika kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongeza kasi, na kiasi cha nishati hiyo kinachohitajika kuusukuma kinaingia ndani ya mpaka huo. Inavutia kweli. Ila kipimo hicho ni kimoja, cha ulimwengu mmoja, na kingeweza kuwa hivyo hata kama hakuna mwingine.

Setilaiti ya Planck, iliyorushwa 2009, imeshapima joto la ile mionzi ya mikrowevu karibu na kikomo cha kinachoweza kupimika, na anga nyingine ya kurudia kipimo hatuna. Kilichobaki ni mwelekeo wa mtikisiko wa mawimbi yenyewe: mgongano ungeacha alama hata humo, na huko bado kuna mengi ya kupima.