"Bado Ipo, Mkuu?"

Saa tisa usiku simu inaita meseji. Mtu mzima unakurupuka ukijua tayari, msiba. Kumbe: "Bado ipo, mkuu?" Ipo, ndugu yangu. Imelala, kama ulivyopaswa kulala wewe.

Nauza gari, Toyota Altezza. RS200 ya 1999, gia sita za mkono. Nimeigusa kidogo tu: ekzosi, spring fupi, rimu za inchi 17. Mama watoto anasema hiyo "kidogo" yangu ni ile ya mlevi aliyeulizwa kanywa ngapi. Nikaandika milioni 12, maelewano yapo. Hapo ndipo nilipojiponza, maana mjini hapa "maelewano yapo" ni sawa na kuandika "nitukaneni". Mmoja kanipa milioni nne na kiwanja Chanika. Mwingine anataka rimu peke yake.

Jumamosi akaja mzee mmoja wa Tabata, kanzu imenyooka pasi, kaongozana na fundi wake. Fundi kainama kwenye boneti, katikisa kichwa kama kafunuliwa maiti.

"Hii D4 hii." Yaani ile injini ya Toyota inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambayo wanunuzi wanaikimbia.

"Siyo D4, fundi. Hii injini ya 3S, VVT-i mbili."

"D4."

Nikamgeukia mzee, nikajikohoza. "Mzee wangu, gari hii ilibeba tuzo ya gari la mwaka huko Japani, 1998. Farasi 210, na turbo haina."

"Kumbe ya zamani hivyo?"

Tukaenda kuijaribu. Usukani nikashika mimi, mzee gia za mkono aliziacha enzi za Mwalimu. Hatujafika mbali, anaomba tupitie Buguruni mara moja, kuna binti yake. Binti katoka na watoto wawili na nusu gunia la mkaa. Ningekataaje? Kanisalimia "shikamoo kaka".

Njia za ndani mnazijua. Tuta la kwanza, gari ikalia krrrrr, kama mtu anakwangua ukoko. Ndani kimya. Fundi akasema taratibu:

"D4."

Nikawashusha wote. Mzee kashika kanzu mkononi, binti kabeba mtoto, wakavuka tuta kwa miguu kama tunaingia pantoni la Kigamboni, wakapanda tena. Matuta nane! Bodaboda wameegesha wanatuangalia. Kwenye la tano, mtoto mdogo akawa anashuka mwenyewe bila kuambiwa.

Kufika kwao, mzee kanishika bega. "Gari nzuri, mwanangu. Ila iko chini."

Iko chini! Si nimeandika iko chini? Picha si nimepiga, tena ubavuni, huku nimelala kwenye vumbi? Na mafuta niliyochoma kupeleka mkaa wa watu, nani ananirudishia? Fundi naye kanyoosha mkono, anadai elfu tano ya kukagua.

Narudi nyumbani namkuta mjumbe kasimama getini na daftari lake. Mchango wa tuta jipya, elfu kumi kila nyumba. Linajengwa hapa hapa mbele kwangu, maana wazee wamelalamika kuna gari ina makelele, inapita kasi.

Nikamuuliza gari gani hiyo.

Akaitazama ekzosi. Akalamba kidole, akafungua ukurasa wenye jina langu.

Nikatoa elfu kumi.