Jimbo Fisher na dola milioni 76 za kukaa nyumbani

Jumamosi ya tarehe 11 Novemba 2023, katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, Texas A&M waliifumua Mississippi State 51 kwa 10 kwenye uwanja wao wa Kyle Field, unaobeba watu zaidi ya 102,000. Kesho yake kocha mkuu wa washindi hao akafungashiwa virago. Alikuwa na ushindi mara sita na vipigo vinne msimu ule, na kumwondoa kuliigharimu A&M zaidi ya dola milioni 76: milioni 19.2 ndani ya siku 60, kisha milioni 7.2 kila mwaka hadi 2031. Kabla yake, malipo makubwa ya namna hiyo kwa kocha wa chuo yalikuwa ya Gus Malzahn wa Auburn mwaka 2020, kama milioni 21 na nusu.

Kocha huyo anaitwa Jimbo Fisher. Jimbo ni jina la utani la John James, halihusiani na ubunge. Mchezo wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na vyuoni unachezwa na wanafunzi ambao hadi 2021 hawakuruhusiwa kupokea hata senti kwa sura yao kuwekwa kwenye tangazo la duka la magari. Ndiyo maana habari ile iliwachoma watu. Kijana anayevunjika goti analipiwa masomo, mzee aliyeshindwa kazi anaondoka na utajiri wa wajukuu. Upande wa pili wanajibu kwa mkato: mkataba ni mkataba, waliousaini ni watu wazima. Nimelifuatilia jambo hili tangu siku ile, na naona pande zote mbili zinamwangalia Fisher kupita kiasi.

Tuanze na anachostahili. Fisher alizaliwa 1965 Clarksburg, West Virginia, akala chumvi ya ukocha msaidizi kwa miaka mingi: Samford, Auburn, Cincinnati, halafu LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) chini ya kocha Nick Saban, walipotwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2003. Mwaka 2007 akaenda Florida State kuandaliwa kumrithi mkongwe Bobby Bowden, na 2010 akakabidhiwa timu. Msimu wa 2013 alishinda mechi zote 14. Fainali yake dhidi ya Auburn, Januari 2014 pale Pasadena, inatosha kumweleza kocha yule alikuwa nani wakati huo. Timu yake ilikuwa nyuma 21 kwa 3, ikajikongoja ikarudi, na zikiwa zimebaki sekunde 13 tu Jameis Winston akamrushia mpira Kelvin Benjamin ndani ya eneo la mwisho, linakopatikana pointi. 34 kwa 31. Aliondoka Florida State akiwa ameshinda mara 83 na kupoteza 23. Huyo si kocha wa kuokota.

Namna alivyoondoka ndiyo inayowapa shida watetezi wake. Mwanzoni mwa Desemba 2017, timu ikiwa imeshinda tano na kupoteza sita, na mechi moja ya msimu bado haijachezwa, alijiuzulu akakimbilia Texas. Mchezaji aliyemfuata chuoni kwa ajili yake, kama naye angetaka kuhama, kanuni za wakati huo kwa kawaida zingemweka benchi mwaka mzima. Kocha hakuwekwa benchi hata wiki moja. Kwa hiyo hoja ya utakatifu wa mkataba ikitoka kinywani mwa makocha, mimi huisikiliza nikiwa nimekunja mdomo.

Huko A&M walimpa miaka 10 na dola milioni 75, zote zimehakikishwa. Kuna kitu kimoja cha wakati ule sikisahau. John Sharp, chansela wa mfumo wa vyuo vikuu vya A&M, alimkabidhi mbele ya watu bamba la ubingwa wa taifa lililokwisha kuchongwa, ila mwaka ulikuwa haujamalizika: 20, halafu nafasi tupu. Chuo ambacho ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa 1939 kilikuwa kimeshachonga bamba! Ukilitazama bamba lile unaelewa mambo yote yaliyofuata, maana aliyechonga hakuwa anaajiri kocha, alikuwa ananunua ndoto kwa mkopo.

Ndoto ilikaribia mara moja. Mwaka 2020 alishinda tisa akapoteza moja, timu ikamaliza ya nne kwenye orodha ya taifa. Septemba 2021 wakamwongezea mkataba hadi 2031, mshahara ukapanda hadi milioni tisa hivi kwa mwaka. Watu hucheka leo: nani aliwashikia bunduki? Lakini jiwekeni kwenye viti vyao. Kule LSU, ng'ambo ya mpaka, kocha Ed Orgeron alikuwa anayumba. Mkurugenzi wa michezo wa LSU alikuwa Scott Woodward, yule yule aliyemleta Fisher A&M kabla hajahama. Hofu ya kuibiwa kocha haikuwa ya kijinga. Na wiki chache baadaye, tarehe 9 Oktoba, siku Fisher anatimiza miaka 56, A&M iliipiga Alabama, timu ya Saban wakati huo, 41 kwa 38 kwa teke la sekunde ya mwisho. Hakuna kocha aliyewahi kuwa msaidizi wa Saban aliyekuwa amemfunga kabla ya siku hiyo. Jioni ile mkataba ulionekana rahisi.

Mkataba mrefu una kazi nyingine ambayo wakosoaji huipita haraka. Kocha wa chuo anaishi kwa kuwashawishi vijana wa miaka 17 sebuleni kwao, mama na bibi wakisikiliza. Mpinzani akija jioni ya pili, neno lake la kwanza ni kwamba yule kocha wenu mwakani hayupo. Mkataba wa miaka 10 ndio jibu. Na kwa Fisher ulijibu kweli: kundi la vijana aliowasajili 2022 lilipewa alama ambazo hakuna chuo kilichowahi kupata, hadi Saban akadai hadharani kwamba A&M imewanunua wote, na Fisher akamjibu kwa hasira zisizo za kawaida kati ya bosi na mwanafunzi wake.

Septemba ya mwaka huo huo wakafungwa nyumbani na Appalachian State, chuo kisicho na jina kubwa kama lao, 17 kwa 14. Msimu ukaisha kwa ushindi mara tano, vipigo saba. Hapo mkataba ukageuka gogo shingoni mwa waliousaini.

Kuhusu fedha, chuo kilisema zingetoka idara ya michezo na taasisi yake ya wafadhili, si karo wala kodi. Nakubali hilo ni jambo la maana. Lakini hoja kwamba basi hakuna aliyeumia siikubali. Mfadhili mwenye moyo wa kutoa milioni moja anaitoa mara moja. Ikienda kwa kocha aliyelala nyumbani, haiendi penginepo. Linganisha na hili: tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama milioni 20.5 kwa wanamichezo wote wa chuo, wa kuogelea na wa mbio wakiwemo. Fisher alipewa milioni 19.2 kwa miezi miwili. Na mkataba wake haukuwa na kifungu cha kupunguza malipo akipata kazi kwingine.

Je, angezikataa? Sioni kwa nini. Lawama yangu inabaki kwa waliosaini, kwa sababu wao hawakulipa chochote. Woodward ndiye mfano. Akiwa LSU alimchukua Brian Kelly mwishoni mwa 2021 kwa miaka 10 na milioni 95. Tarehe 25 Oktoba 2025 LSU ilifungwa nyumbani 49 kwa 25, na kesho yake Kelly akaondolewa huku akidai takriban milioni 54. Gavana wa Louisiana, Jeff Landry, alikuja juu, akautaja na mkataba wa Fisher, akasema Woodward hatamchagua kocha mwingine. Ndani ya wiki hiyo Woodward naye akaondoka.

Timu iliyowapiga LSU usiku ule ilikuwa Texas A&M. Kocha wake, Mike Elko, aliwahi kuwa msaidizi wa Fisher, na mshahara wake alipoajiriwa ulikuwa wastani wa milioni saba kwa mwaka, chini kidogo ya zile Fisher anazolipwa kwa kutofundisha.