Ile skrinshoti si bei ya mwani

Juzi nimekwenda Micheweni, Pemba, kwa shangazi nikakuta kina mama wamegombana na ajenti wa mwani, mzigo wameurudisha, magunia yamejaa mpaka ukumbini. Sababu ni skrinshoti iliyozunguka WhatsApp, ati bei ya mwani huko Ulaya, kwa dola. Nikaisoma vizuri, kumbe ile bei ya karajinani, unga uliokwisha kusafishwa kiwandani, ule unaotiwa kwenye maziwa na dawa ya mswaki.

Roho iliniuma khasa. Mtu kashinda bamvua zima maji kiunoni anafunga taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, halafu apotezwe na picha haina jina haina tarehe!

Jamani, cha mwanzo tafuteni namba ya forodha ya kutambulisha bidhaa, ile HS. Ya mwani mkavu inaanzia 1212, ya karajinani inaanzia 1302, na tarakimu sita za mwanzo karibu dunia nzima wanatumia hizohizo, kwa hivyo hapo hudanganyiki. Ukishapata namba ingia kwenye tovuti za takwimu za biashara, Comtrade ya Umoja wa Mataifa au Trade Map ya ITC, kile Kituo cha Biashara cha Kimataifa kule Geneva, tazama mathalan Uchina imechukua kilo ngapi Indonesia, ngapi Ufilipino, ngapi kwetu na kwa dola ngapi, gawa dola kwa kilo ndo wastani wako, na mwaka uutazame. Ila bei inayoandika nchi inayonunua kwa kawaida ishatiwa nauli ya meli na bima, kwenye ya nchi inayouza hazimo, usizichanganye. Wale wanaotaka uwalipe kwanza ndo wakupe "ripoti ya soko", achaneni nao.

Haya nakubali, kasoro zipo. Sisi na Bara tumo kwenye Tanzania moja, Zanzibar peke yake huioni, na zile aina mbili za mwani, spinosamu na kotonii, hawazitenganishi wakati kila mtu hapa anajua kotonii ndo yenye bei. Na bei ya bandarini haikwambii ajenti alipe ngapi pwani. Sisemi ajenti hapunji, pengine anapunja, lakini ukimwendea na bei ya unga atakufukuza na haki yako utaiacha hapohapo.

Na kwa nini hivi vitu hakuna anaetuwekea kwa Kiswahili? Shangazi hesabu anaijua kuliko mie!

Usiku tulikaa barazani, mie, yeye na bintie aliyemaliza fomu foo, tukatafuta kwenye simu mpaka bando likaisha mara mbili. Namba wameziandika kwenye daftari la kikundi, Jumamosi wanarudi nalo kwa ajenti.