Pratola kwanza, Roma baadaye

Wakala mmoja wa safari hapa Nakuru alinipangia siku kumi za Ulaya: Paris, Brussels, Amsterdam, Zurich, Milano, Roma. Kila mji rangi yake, kila mji picha yake. Nikamuuliza Pratola, kule Italia tunakotaka kwenda kumtafuta babu wa mume wangu, iko wapi hapo. Akaitafuta kwenye simu, akaguna, akasema, "Mama, huku hakuna kitu cha kuona."

Sijarudi kwake.

Ukishuka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu utapita kanisa dogo la mawe, pale watu wanaposimama kupiga picha na kununua mahindi choma. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Waingereza walipowashinda Waitaliano Ethiopia na Somalia mwaka 1941, wafungwa waliletwa Kenya kwa maelfu, na wengine wakagawiwa mashamba ya wazungu kama vibarua. Mmoja wao aliwekwa shamba moja upande wa Gilgil, na msichana aliyekuwa akikamua ng'ombe kwenye shamba hilo akamzalia binti mwaka 1946. Mfungwa akarudishwa kwao. Yule binti ndiye mama mkwe wangu.

Alichoachiwa kinatosha kwenye kopo la chai. Kuna pete ya bati, nyepesi kama ganda la njugu, imekwanguliwa ua ambalo sasa linaonekana tu ukiliinamisha kwenye mwanga. Na kuna picha ya mwanamume mwenye kaptula, amekunja macho kwa jua, nyuma yake pameandikwa kwa penseli: Giovanni, Pratola. Nyumbani tulijua hilo ndilo jina lake kamili. Mama mkwe alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani akaandika alivyosikia, na mpaka leo jina lake la mwisho ni Pratora. Mume wangu ni Pratora. Wanangu wana Pratora kwenye vyeti vya kuzaliwa.

Ni binti yangu wa kidato cha pili aliyeingia kwenye ramani usiku mmoja akaja chumbani akikimbia. Pratola si ukoo. Ni mji: Pratola Peligna, karibu na Sulmona, katika jimbo la Abruzzo. Tumebeba jina la mahali kwa miaka yote hiyo, kama mtu aliyetoka Ahero akaja kuitwa Bwana Ahero.

Baba watoto alicheka hadi akatoa machozi. Mama mkwe hakucheka. Aliuliza tu, "Kwa hivyo yeye alikuwa nani?"

Hapo ndipo ninapotofautiana na shemeji zangu, ambao wanasema tukishatumia pesa yote hiyo basi watoto waone Ulaya, na ya babu iwe ya kupitia tukipata nafasi. Nafasi haipatikani. Nani amewahi kukaa usiku mmoja mmoja katika miji sita akapata nafasi ya chochote zaidi ya kutafuta choo? Sina ugomvi na mnara wa Eiffel. Ila safari ikiwa na sababu, sababu hiyo ipewe siku zake kwanza, matembezi yajaze zilizobaki. Hata viza inakubaliana nami: ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, unaiomba kwa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi. Na ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, mbali na bima inayotakiwa kufikia yuro 30,000. Kwa gharama hiyo siendi kupiga picha za kupandisha status.

Lililonishughulisha zaidi ni tarehe. Kila mtu anawaza Agosti kwa sababu shule zimefungwa. Agosti Italia ni joto kali, na kuelekea sikukuu ya tarehe 15 nchi nzima iko likizo. Utagonga mlango wa ofisi ya mji ukutane na kufuli. Mimi nimechagua mwanzo wa Novemba, likizo yetu ndefu ikianza. Tarehe 1 ni sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 2 ni ya Marehemu Wote, na siku hizo watu hurudi kwao, wakaenda makaburini na maua. Makaburi ya Kiitaliano mara nyingi huwa na picha ya marehemu imebandikwa kwenye jiwe. Nataka mama mkwe apite kati ya mawe hayo na picha yake mkononi, aangalie sura.

Najua huenda asimwone. Kule kaburi si kama letu la shambani linalokaa na wenyewe milele; sehemu nyingi hukodishwa kwa miaka, muda ukiisha mifupa huhamishwa. Ndiyo maana baada ya sikukuu nimeacha siku tatu za kazi kwa ajili ya ofisi ya mji, ambayo kwa kawaida huhudumia watu asubuhi. Tangu 1866 miji mingi ya Italia imekuwa ikiandika vizazi, ndoa na vifo, na ndoa hunakiliwa pembeni mwa rekodi ya kuzaliwa. Rekodi nyingi za zamani zimewekwa kwenye intaneti bila malipo. Shida yetu ni kwamba faharasa zimepangwa kwa ukoo, na ukoo ndio tuliokosa. Binti yangu ameanza kuorodhesha kila Giovanni anayemwona kwenye zile kurasa. Mwandiko wa makarani wale, jamani! Afadhali daktari.

Jambo lingine ambalo sikubali ni kutokea tu mlangoni kwa watu. Huyu mzee huenda alikuwa na mke kabla ya vita, au alioa aliporudi. Hebu fikiria mgeni anafika kwenu Subukia, anasema babu yenu alizaa kwetu, halafu ana begi. Nimeandika barua kwa paroko, fupi, kwa Kiitaliano alichonisaidia sista mmoja: tunakuja kusali, tuna picha, hatudai shamba. Hilo la mwisho baba watoto alitaka nilifute. Nimeliacha.

Binti yangu naye ameleta habari iliyonikaa. Wakati mzee huyu anafanya kibarua kwetu, Waingereza waliotekwa walikuwa wamefungwa kwenye kambi ya Fonte d'Amore, nje kidogo ya Sulmona. Kwao kulikuwa na wafungwa wa Kiingereza, yeye akiwa mfungwa wa Waingereza kwetu. Pengine mama yake aliwaona wakipita akawaonea huruma, kama nyanya yetu kule Gilgil.

Roma tumeiwekea siku nne za mwisho, ni saa chache tu kwa treni. Watoto wataingia Colosseum bure, maana chini ya miaka 18 halipishwi kwenye makumbusho za serikali, na aiskrimu watakula hadi wachoke. Haki yao.

Jumapili nilimsomea mama mkwe ratiba nzima, siku kwa siku. Alisikiliza huku akichambua maharagwe. Nilipofika kwenye mji wao nikamwambia kuna kanisa kubwa la Bikira Maria, Madonna della Libera, akaacha maharagwe. Nilipofika Roma akanikatiza.

"Mama Wairimu, hizo siku nne za Roma haziwezi kuongezwa kule juu? Roma nimeiona kwenye kalenda ya kanisa."